Kuchagua Koleo la Kubania Terminali za Waya Linalokidhi Viwango: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Umeme wa Uganda

Waya wenye unene unaostahili kazi yake hauungui katikati. Huungua mwishoni, pale unapokutana na terminali, yaani kipande cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya waya ili uungwe, na mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kubana. Hesabu yake ni fupi: joto la kiungo ni mraba wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 1, ambao mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuuonyesha, hutoa wati 10 pale ampea 100 zinapopita kutoka betri za sola kwenda kwenye inveta. Ukinzani ukifika miliomu 5, kiungo hicho hicho kinatoa wati 50 katika kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Joto huleta kutu, kutu huongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto, mpaka plastiki inaanza kunuka.

Kiungo kilichobanwa sawasawa hakina tatizo hilo, kwa sababu nyuzi za shaba na ukuta wa terminali hugandamizwa mpaka zinabadilika umbo na kukosa mwanya wa kuingiza hewa. Kikibanwa kidogo, mianya hubaki; kikibanwa kupita kiasi, nyuzi hukatika. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, na kazi ya koleo zuri ni kukufikisha kwenye nafasi hiyo kila mara, hata jioni mkono ukiwa umechoka.

Hatua ya kwanza: kuelewa ni nini hasa kinachokidhi viwango

Wanunuzi wengi huingia dukani wakiuliza koleo "lililothibitishwa", na muuzaji huwaonyesha alama yoyote iliyochapwa kwenye mpini. Viwango vyenyewe havifanyi kazi hivyo. Kiwango cha IEC 60352-2 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), kinachohusu viungo vya kubana visivyo na lehemu, hupima kiungo kilichokamilika. IEC 61238-1-1, kinachohusu viunganishi vya kebo za umeme zisizozidi kilovolti 1, huchukua lagi, yaani terminali kubwa ya kebo yenye tundu la bolti, iliyokwisha kubanwa kwenye kebo na kuipasha joto na kuipoza mara 1,000 ili kuona kama ukinzani wake utapanda. Kiwango cha Marekani, UL 486A-486B, nacho hujaribu terminali ikiwa imebanwa kwa koleo ambalo mtengenezaji wa terminali amelitaja. Maana yake ni kwamba kinachokidhi kiwango ni seti ya vitu vinne: waya, terminali, kalibu (sehemu ya mataya inayokipa kiungo umbo) na koleo. Koleo ghali la Ujerumani likibana terminali ya unene usiojulikana halina uthibitisho wowote, na terminali yenye nyaraka zote ikibanwa kwa plaisi imepoteza nyaraka zake.

Hapa Uganda, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, ndiyo inayotoa vibali vya mafundi wa kufunga umeme kwa madaraja, na Shirika la Viwango, UNBS, hupitisha viwango vingi vya IEC kuwa vya taifa kwa kuvitanguliza na herufi US. Kwa fundi mwenye kibali jambo hili si la kinadharia, kwa kuwa yeye ndiye anayetia saini cheti cha kukamilisha kazi. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili: "Mtengenezaji wa terminali hizi anataja koleo gani na kalibu ipi?" Muuzaji anayeweza kukufungulia katalogi au kurasa za maelezo za kampuni ana bidhaa inayofuatilika.

Hatua ya pili: kuujua waya kabla ya koleo

Koleo hununuliwa kwa ajili ya waya fulani, na waya una sifa tatu zinazoamua kila kitu kingine: metali yake, eneo la mkato wake, na namna nyuzi zake zilivyo. IEC 60228 hugawa waya katika madaraja: daraja la 1 ni waya wa uzi mmoja mgumu, la 2 ni nyuzi chache nene zilizosokotwa, la 5 ni nyuzi nyingi nyembamba zinazonyumbulika, na la 6 ni laini zaidi. Terminali iliyoundwa kwa daraja la 5 haibani vizuri waya wa uzi mmoja, kwa sababu uzi mmoja haugawanyiki kujaza pembe za kalibu. Niongeze kwamba waya mwingi wa nyumbani, ule wa uzi mmoja unaoingia moja kwa moja kwenye skrubu ya soketi au swichi, hauhitaji kubanwa chochote. Fundi anayeuvisha feruli, yaani mrija wa metali wa kufunika ncha ya waya, anaongeza kiungo kisichotakiwa.

Kinachosumbua sokoni ni waya ulioandikwa 2.5 huku shaba yake ikiwa pungufu. Chukua kalipa ya venia, kifaa cha kupimia unene. Waya wa uzi mmoja wa milimita za mraba 2.5 una kipenyo cha takriban milimita 1.78, na wa 1.5 una takriban 1.38. Waya laini wa 2.5 kwa kawaida una nyuzi 50 za milimita 0.25, na wa 1.5 una nyuzi 30 za unene huo huo. Zimenye na uzihesabu. Kiwango chenyewe hakihukumu kwa kipenyo, hukumu yake ni ukinzani: waya wa shaba wa 2.5 wa daraja la 1 au la 2 haupaswi kuzidi omu 7.41 kwa kilomita kwenye nyuzijoto 20, na wa daraja la 5 usizidi 7.98. Hata hivyo kuhesabu nyuzi kunatosha kumfichua mwongo. Waya pungufu ndani ya terminali ya 2.5 utabanwa na koleo sahihi kabisa na bado utachomoka, kisha lawama itaelekezwa kwa koleo.

Hatua ya tatu: kuilinganisha familia ya terminali na umbo la kalibu

Hakuna koleo moja la terminali zote, licha ya yale yanayouzwa kwa ahadi hiyo. Kila familia ina umbo lake la kubanwa, na umbo hilo ndilo la kwanza kuangaliwa unapofungua mataya.

Terminali zenye ganda la plastiki, zile za rangi tatu, ndizo zinazojulikana zaidi. Nyekundu ni ya waya wa 0.5 hadi 1.5, buluu ni ya 1.5 hadi 2.5, na njano ni ya 4 hadi 6. Kalibu yake ni ya duara bapa, na kila tundu lina nukta ya rangi inayolingana. Tundu lina pande mbili zisizofanana: upande mmoja hubana shaba kwa nguvu, mwingine hushika ganda la waya kwa upole ili mtikisiko usiivunje shaba mlangoni. Terminali ikigeuzwa kinyume, shaba inashikwa kwa upole na ganda linapondwa, na kwa macho ya haraka kazi inaonekana nzuri. Usitumie kwa terminali hizi koleo lenye jino la kutoboa, kwa kuwa jino hilo ni la terminali zisizo na plastiki na hupasua kihami.

Feruli, ile mirija myembamba inayovishwa nyuzi laini kabla ya kuingia kwenye breka au kontakta, zina kiwango chao cha Ujerumani, DIN 46228. Sehemu ya 1 ni ya zisizo na kola ya plastiki na sehemu ya 4 ni ya zenye kola. Hapa rangi huwachanganya mafundi kila siku. Katika DIN, feruli nyekundu ni ya milimita za mraba 1, nyeusi ni ya 1.5, buluu ya 2.5, kijivu ya 4 na njano ya 6, lakini nyekundu hurudi tena kwenye 10 na buluu kwenye 16. Ufaransa nayo ilikuwa na mpangilio wake wa rangi, na pakiti za namna hiyo bado zinauzwa. Soma namba kwenye pakiti, usiamini rangi. Koleo la feruli hubana kwa umbo la mraba, la pembesita au la trapeza. Kwa mtengenezaji wa paneli ningependekeza lile la mraba linalojirekebisha lenyewe kufuata unene wa waya, kwa sababu linaondoa nafasi ya kuchagua tundu lisilo sahihi. Feruli za waya mbili pamoja zipo. Kuzisukuma nyaya mbili kwenye feruli ya waya mmoja hakukubaliki.

Terminali za mabawa wazi, zinazotumika kwenye magari, pikipiki na soketi za plastiki, hubanwa kwa kalibu inayokunja mabawa mawili yaingie katikati ya nyuzi. Watengenezaji wake hutoa kimo cha kiungo kwa milimita, na kimo hicho hupimwa kwa maikromita yenye ncha. Anayeunda mikanda ya nyaya za pikipiki za umeme, kazi inayokua Kampala, asinunue koleo la terminali hizi bila karatasi yenye kimo hicho.

Hatua ya nne: kuzisoma alama bila kudanganywa

Anza na racheti. Koleo la racheti haliachii mpaka mataya yamefika mwisho wa safari yake, na ndiyo sababu kiungo cha mia kinafanana na cha kwanza. Plaisi bapa zenye vishimo vitatu na nukta za rangi, ambazo zimejaa kwenye meza za wauzaji, hazina racheti. Ubora wa kiungo unategemea msuli wa aliyebana. Mimi huzihesabu kuwa za dharura barabarani, si za kazi inayolipiwa. Racheti nzuri ina pia kijiwiko cha kufungulia pale terminali inapokwama, na gurudumu dogo la kurekebisha nguvu ambalo halipaswi kuguswa bila geji, kipimio cha kukagulia kalibu.

Alama ya CE inahitaji uangalifu. Sheria za Ulaya huiruhusu kwa bidhaa ambazo kanuni mahususi imeziagizia, na koleo linaloendeshwa kwa nguvu ya mkono pekee halimo katika kanuni ya mashine. Kwa hiyo CE iliyochapwa kwenye koleo la mkono haithibitishi lolote, na mara nyingine hunifanya nimtilie shaka aliyeichapa. Kwenye koleo la haidroliki linaloendeshwa na betri, alama hiyo ina mahali pake.

Alama ya volti 1,000 pamoja na pembetatu mbili hutoka katika IEC 60900. Inahusu kihami cha mipini kwa anayefanya kazi karibu na umeme ulio hai, na haisemi neno juu ya ubora wa kubana. Mipini minene ya rangi mbili isiyo na alama hiyo ni mapambo tu.

Kisha tazama vipimo. Makoleo mengi huandikwa kwa kipimo cha Marekani cha AWG, na hakilingani sawasawa na nyaya zetu: AWG 14 ni milimita za mraba 2.08, AWG 12 ni 3.31, na AWG 10 ni 5.26. Waya wetu wa 2.5 unaangukia kati ya viwili vya kwanza. Koleo lenye namba za AWG pekee linaweza kuwa zuri kwa terminali zake, ila kwa kazi za hapa ni afadhali lile ambalo kalibu zake zimechongwa milimita za mraba. Nimesema kuchongwa: namba ya stika hubanduka, na kalibu isiyo na namba haina maana kwa mkaguzi.

Hatua ya tano: kulijaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na waya wako mwenyewe na terminali utakazotumia. Funga koleo tupu ulielekeze kwenye mwanga; mataya yakutane sawasawa pande zote, bila upande mmoja kuacha mwanya mpana. Yatikise kwa vidole: yakicheza kushoto na kulia, pini yake imelegea. Bana terminali kadhaa kisha uziweke zikiwa zimepangana. Alama ya kalibu iwe katikati ya mrija, ncha za nyuzi zionekane kidogo upande wa pili, ganda la waya lisiingie sehemu ya shaba, na plastiki isipasuke. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kujibu.

Koleo jipya la bei ndogo si lazima liwe baya, na nimeona la bei kubwa lenye kalibu zilizopishana. Kipimo kinachofuata ndicho kinachotenganisha.

Hatua ya sita: kuvuta

IEC 60352-2 inataja nguvu ambayo kiungo lazima kihimili kabla ya waya kuchomoka: nyutoni 60 kwa waya wa 0.5, nyutoni 108 kwa wa 1, nyutoni 150 kwa wa 1.5, 230 kwa wa 2.5, 310 kwa wa 4 na 360 kwa wa 6. Mashine ya kuvutia ni ghali kwa karakana ndogo, lakini kila nyumba ya Uganda ina jerikani la lita 20. Maji ya lita 1 yana kilo 1, na kilo 1 huvuta kwa takriban nyutoni 9.8. Kwa waya wa 1.5 unahitaji jumla ya kilo 15.3, kwa hiyo jerikani lenye lita 15 na uzito wake mwenyewe linafika. Kwa waya wa 2.5 unahitaji kilo 23.5: jerikani lililojaa pamoja na chupa kadhaa za maji zilizofungwa mpinini. Hakiki uzito kwa mizani badala ya kukisia, na mizani yenyewe iwe imekaguliwa.

Kwa jaribio hili, menya waya mrefu kuliko kawaida ili sehemu inayoshika ganda isikamate kitu, maana kiwango kinataka shaba peke yake ipimwe. Funga terminali kwenye bolti imara, funga upande wa pili wa waya kwenye jerikani bila kuukunja kwa ukali, na uliachie taratibu. Kuliangusha ghafla huzidisha nguvu na kuharibu kipimo. Liache lining'inie dakika moja. Fanya hivyo kwa sampuli tano za kila unene, kisha uzitupe zote, kwa kuwa terminali iliyovutwa hairudi kazini. Waya ukichomoka mzima, kubana kulikuwa kudogo au terminali ni kubwa. Nyuzi zikikatikia mlangoni mwa terminali chini ya uzito unaotakiwa, kubana kulizidi. Njia hii haichukui nafasi ya mashine ya maabara kwa mkataba unaodai ripoti, ila inatosha kukataa koleo.

Sampuli moja ikate katikati kwa msumeno mwembamba, uisugue kwa msasa laini na uitazame kwa kioo cha kukuza. Nyuzi zionekane zimebanana hadi umbo lake la duara limepotea. Ukiona duara kamili zenye weusi katikati yake, hewa imebaki.

Hatua ya saba: lagi kubwa na alumini

Kebo inapozidi kuwa nene, mkono peke yake huanza kushindwa na haidroliki inachukua kazi. Katika DIN 46235 kila lagi ya shaba imechongwa namba ya kalibu yake: 16 hutumia kalibu namba 8, 25 hutumia 10, 35 hutumia 12, 50 hutumia 14, 70 hutumia 16 na 95 hutumia 18. Namba hizo si milimita za mraba, na fundi anayebana lagi ya 16 kwa kalibu namba 16 ameiacha ikiwa wazi. Lagi nyingi zinazouzwa kwetu ni za mrija mwepesi usiofuata DIN 46235. Zinaweza kuwa halali chini ya kiwango kingine, lakini mrija wake mwembamba ukibanwa kwa kalibu za DIN hautafungika ipasavyo. Ndiyo maana lagi na kalibu zinunuliwe kwa mtengenezaji mmoja. Idadi ya mibano nayo huwa imechorwa kwenye mrija kwa mistari. Anza upande wa tundu la bolti ukielekea kwenye kebo, ili shaba inayorefuka ipate pa kwenda.

Alumini, inayotumika sana kwenye kebo za nguzoni, ina oksidi inayojitengeneza mara tu inapoguswa na hewa. Haibanwi ndani ya lagi ya shaba hata kidogo. Inahitaji lagi ya metali mbili, kusuguliwa kwa brashi ya chuma, mafuta maalumu ya kuzuia oksidi, na kalibu zake zenyewe. Upande wa nguzo na mita ni wa kampuni ya usambazaji, UEDCL tangu mwaka 2025, na fundi binafsi asiuguse.

Usilehemu nyuzi kabla ya kuzibana. Lehemu ni laini, hulegea taratibu chini ya mgandamizo, na skrubu iliyokazwa leo inakuwa imelegea baada ya miezi.

Kwenye sola, konekta za aina ya MC4, zile plagi za kuunganisha nyaya za paneli, zinafuata IEC 62852 na hubanwa kwa kalibu yake maalumu, mara nyingi yenye tundu la 2.5, 4 na 6. Plaisi ikitumika, pini hupinda na haiingii hadi kubofya. Konekta ya kampuni moja isichomekwe kwenye ya kampuni nyingine hata kama zinaingiana, kwa sababu metali na vipimo vyake havikujaribiwa pamoja. Moto wa juu ya paa la mabati hauonekani mpaka umeshika mbao.

Hatua ya nane: kulitunza na kuliwekea kumbukumbu

Koleo huchakaa. Watengenezaji wazuri huuza geji ya pini mbili: moja lazima iingie kwenye kalibu iliyofungwa, nyingine isiingie. Anayefanya kazi ya paneli kila siku aipitishe kila mwezi, na baada ya koleo kuanguka kutoka ngazini. Vumbi jekundu letu huingia kwenye racheti. Lipigwe brashi na litiwe tone la mafuta kwenye pini, si kwenye kalibu.

Lipe koleo namba, na kwenye daftari uandike tarehe ya ukaguzi, terminali linazoruhusiwa na matokeo ya kuvuta. Mkaguzi akija kwenye hospitali au kiwanda ulichokifungia paneli, ukurasa huo ndio utakaoulizwa.

Kwa fundi anayeanza mwenye fedha za koleo moja tu, ningesema anunue la racheti lenye kalibu zinazobadilika, aanze na kalibu ya terminali za rangi tatu, kisha aongeze ya feruli kazi za paneli zitakapomjia. La haidroliki likodishwe pamoja na kalibu zake, na namba zake zilinganishwe na lagi kabla ya kuondoka dukani.